Chakula Tunachokula na Seli za Mwili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wakaazi wa Malindi, Lamu na vijiji vya katikati. Maswali yake ni yale yanayosikika kwenye kliniki za wajawazito, kwa wazazi wenye watoto wa selimundu, kwa wavuvi na kwa wanafunzi wa baiolojia. Hautoi tiba ya mtu mmoja mmoja. Mwenye ugonjwa na aende hospitali.

Mnaposema seli ni ngumu, laini au inanata, mnamaanisha nini hasa?

Tunamaanisha hivyo hivyo. Seli ni kitu kinachoshikika: ina utando wa mafuta, na chini ya utando ina wavu wa protini unaoipa umbo. Wanasayansi huibonyeza kwa sindano nyembamba ya hadubini, au huivuta kwa mrija mwembamba, wapime inavyokubali kupinda na inavyorudi.

Mfano mzuri ni chembe nyekundu ya damu. Kipenyo chake ni mikromita 7 hadi 8, lakini kila siku hupita kwenye vimishipa vyembamba kuliko yenyewe. Hujikunja, ikapenya, ikarudi kuwa duara. Mtihani mkubwa uko kwenye bandama, ambako kuna mianya yenye upana wa mikromita 1 au 2 tu. Chembe iliyokakamaa hukwama hapo na mwili ukaiondoa. Nzima hudumu kiasi cha siku 120.

Kunata ni habari nyingine. Seli za ngozi, za utumbo na za kuta za mishipa zinatakiwa zishikane. Zinashikana zenyewe kwa zenyewe kwa protini ziitwazo kadherini, na zinashika nyuzi za kolajeni zilizozizunguka, yaani nyuzi za protini zinazoipa nyama ya mwili uimara, kwa protini ziitwazo integrini. Chembe nyekundu kwa upande wake haitakiwi kunata popote. Kazi yake ni kupita. Kwa hivyo usitafute chakula cha "kulainisha seli" au cha "kuzishikanisha", kwa sababu kila seli ina hali inayoifaa.

Chakula kinaingilia wapi?

Mafuta tunayokula huwa sehemu ya utando. Protini huwa malighafi ya wavu na ya vishikizo. Vitamini na madini husaidia vimeng'enya vinavyounda na kukarabati vitu hivyo. Sukari na chumvi zikizidi huharibu kilichokwisha kuundwa.

Jambo ambalo ningependa kila msomaji aondoke nalo ni hili: upungufu wa kirutubisho huleta madhara makubwa na yanayoonekana, lakini kuongeza kirutubisho juu ya kiasi kinachotosha mara nyingi hakuongezi kitu. Mwili unajisawazisha. Ukibadilisha mafuta ya chakula, seli nazo hurekebisha kolesteroli na mafuta ya utando wao ili usizidi kuwa mgumu wala mlegevu. Ndiyo maana anayeuza vidonge vya "kuimarisha seli" kwa mtu anayekula vizuri anauza matumaini.

Tuonyesheni upungufu mmoja unavyobomoa mwili.

Mfano wa wazi kuliko yote ulitia nanga hapa Malindi. Watu wengi wanaujua mnara wa Vasco da Gama, lakini si wengi wanaojua hali waliyokuwa nayo mabaharia wake waliporudi kutoka India. Walikuwa wametoka India mwanzoni mwa Oktoba 1498, kabla kaskazi haijakaa sawa, na kila mwana pwani anajua maana ya kusafiri bila upepo wake. Safari ya kuvuka bahari ikachukua karibu miezi mitatu. Shajara ya safari hiyo inaeleza ufizi ulivyovimba hadi ukafunika meno, miguu ilivyojaa maji, na watu 30 walivyokufa njiani. Tarehe 7 Januari 1499 walitia nanga Malindi, na nahodha akamtuma mtu pwani akatafute machungwa kwa sababu wagonjwa waliyatamani sana. Machungwa yaliletwa siku ya pili. Hata hivyo wengi walifia hapa hapa.

Ugonjwa huo ni kiseyeye, na kisa chake ni ukosefu wa vitamini C. Ili nyuzi za kolajeni zijisokote tatu tatu na zisifumuke kwenye joto la mwili, lazima kimeng'enya fulani kiziongezee oksijeni na haidrojeni mahali maalumu. Kimeng'enya hicho kinabeba chembe ya chuma, na vitamini C ndiyo inayoiweka chuma hiyo katika hali ya kufanya kazi. Ikikosekana, kolajeni inayotoka ni dhaifu. Integrini za seli zipo, lakini zinashika nyuzi zisizo na nguvu. Vimishipa hupasuka, ufizi hutoka damu, meno hulegea, na kidonda kilichopona zamani huweza kufunguka tena, kwa sababu kovu nalo ni kolajeni inayohitaji ukarabati maisha yote. Machungwa ya siku moja hayawezi kurudisha kilichobomoka kwa miezi mitatu.

Kwa mtu mzima, kiasi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 45 kwa siku. Chungwa moja la wastani linatosha na kubaki. Mapera yana vitamini C nyingi zaidi ya machungwa. Ubuyu mkavu, ule unga mweupe unaoung'onya kwenye kokwa, ni mzuri pia, lakini mabuyu ya rangi yaliyochemshwa na sukari ni peremende tu. Ukiwa na embe bichi, ndimu au pilipili mbichi mezani, kula bila kupika, kwa maana moto hupunguza vitamini hii.

Samaki wa kwetu wanasaidia utando wa seli?

Ndiyo, hasa wenye mafuta: vibua, simu, dagaa, jodari. Mafuta yao yana omega-3, ambayo mikia yake ya kikemikali imepinda pinda. Mikia iliyopinda haipangiki kwa kubanana, hivyo utando unakuwa mwepesi kupinda. Mafuta yaliyoganda, kama ya ng'ombe, yana mikia iliyonyooka inayobanana.

Omega-3 huingia kweli kwenye utando wa chembe nyekundu, na inapimika kwenye damu. Kuhusu kama chembe hizo hupata kupinda zaidi hapo, majibu ya tafiti yanatofautiana: nyingine zimeona nafuu, nyingine hazikuona tofauti. Kula samaki kuna faida nyingine za kutosha, usisubiri hii moja.

Changu na tafi ni samaki wazuri wa protini ingawa mafuta yao ni machache. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka na mashua hazitoki, dagaa wakavu hushika nafasi. Waroweke na uwaoshe chumvi kwanza. Na samaki wa kupaka juu ya makaa anashinda wa kukaangwa kwa mafuta yaliyotumika tangu juzi. Mafuta yaliyochemshwa mara nyingi huharibika, na omega-3 ni ya kwanza kuharibika kwa moto mkali.

Na tui la nazi? Daktari aliniambia niache, nyanya yangu ameishi nalo miaka yote.

Karibu asilimia 90 ya mafuta ya nazi ni ya aina iliyonyooka, na karibu nusu ni asidi ya lauri. Hupandisha kolesteroli ya damu, ikiwemo ile mbaya. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, daktari ana haki ya kuwa na wasiwasi. Lakini wali wa nazi wenye tui jepesi, ukiliwa na samaki na mchicha, haufanani na tui zito asubuhi, mchana na jioni. Nyanya yako alikula nazi hiyo huku akitembea, akila samaki kila siku, na sukari ikiwa haba. Wewe ningekuambia upunguze tui la kwanza, utumie zaidi la pili, na mbaazi za nazi za asubuhi usizikose.

Tumesikia kuna mafuta ya maziwa yanayofanya seli "isisikie" mguso. Ni kweli?

Ni utafiti wa maabara, na unavutia sana. Seli nyingi zina mlango kwenye utando uitwao Piezo1, ambao hufunguka utando unapovutwa. Ulitambuliwa mwaka 2010, na kwa kazi hiyo Ardem Patapoutian alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na David Julius. Mwaka 2019 watafiti wa Memphis, Marekani, walionyesha kwamba asidi ya margari, mafuta yapatikanayo kwa kiasi kidogo kwenye maziwa, ikiongezwa kwenye seli hufanya utando uwe mgumu kupinda, na Piezo1 inakuwa nzito kufunguka. Mafuta ya samaki nayo yaligeuza tabia ya mlango huo. Hizo zilikuwa seli kwenye sahani za maabara. Hakuna anayeweza kukwambia glasi ya maziwa ina kipimo gani cha athari hiyo mwilini, kwa hivyo endelea na chai yako ya maziwa.

Sukari inafanyaje seli?

Sukari ikikaa juu kwenye damu hujibandika kwenye protini bila kuitwa. Ikijibandika kwenye himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, hupimika kwa kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa miezi miwili mitatu kwa sababu chembe nyekundu huishi takriban siku 120. Asilimia 6.5 au zaidi ni dalili ya kisukari. Kwa wenye kisukari kisichodhibitiwa, chembe hizo hukakamaa na hunata zaidi kwenye kuta za mishipa. Kolajeni nayo hufungwa pingu: nyuzi zilizokuwa zikiteleza moja juu ya nyingine huunganishwa na sukari, mishipa ikapoteza mnyumbuko, ngozi ikawa nzito, kidonda cha mguuni kikachelewa kupona.

Ramadhani ni wakati wa kuangalia hili kwa makini. Tende mbili tatu na maji wakati wa kufuturu hazina neno kwa mtu mzima wa afya. Lakini kaimati za shira, haluwa, juisi ya sukari na mahamri kwa pamoja, kila jioni kwa mwezi mzima, ni mzigo. Mwenye kisukari na azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, hasa kama anatumia dawa.

Ng'onda na papa mkavu wana chumvi nyingi. Chumvi inagusa seli au presha tu?

Inagusa seli pia. Mwaka 2007 watafiti wa Münster, Ujerumani, walipima seli zinazotandaza ndani ya mishipa ya damu. Sodiamu ilipopanda kidogo tu, ndani ya kiwango ambacho damu ya mtu huweza kufikia na homoni ya aldosteroni ikiwepo, seli hizo zilikakamaa, na zikatoa kwa uchache gesi ya naitriki oksaidi inayolegeza mshipa. Mwaka 2009 watafiti hao walionyesha kwamba potasiamu hufanya kinyume: seli zikawa laini na gesi hiyo ikaongezeka.

Mwisho wa chumvi kwa siku ni gramu 5, kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na iliyomo kwenye samaki mkavu na achari. Roweka ng'onda, mwaga maji, roweka tena. Usiongeze chumvi kwenye mchuzi wake. Potasiamu unaipata kwa ndizi, viazi vitamu, kunde na madafu. Mwenye ugonjwa wa figo asinywe madafu kabla ya kuuliza, kwa sababu figo zake haziwezi kuitoa potasiamu na ikizidi husimamisha moyo.

Nimeambiwa sina damu ya kutosha. Je, chembe zangu zimekuwa ngumu?

Kama sababu ni upungufu wa madini ya chuma, ndiyo: chembe huwa ndogo, zimepauka, na hazipindi vizuri. Kula maini, nyama, samaki, kunde, pojo na mboga za majani kama mchicha na matembele, na ukamulie ndimu, maana vitamini C husaidia chuma ya mimea ipokelewe utumboni. Chai isinywewe pamoja na chakula. Isubiri saa moja au zaidi. Najua ni vigumu kwetu, kwa kuwa chai na mbaazi kwa mahamri ni asubuhi yenyewe. Basi mboga na maini viwe vya mchana, chai ibaki ya asubuhi.

Onyo moja kwa wazazi. Usimpe mtoto mdogo vidonge vya chuma kwa kukisia. Utafiti uliofanyika Pemba, ukachapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba kuwapa watoto wote chuma na asidi foliki katika eneo lenye malaria nyingi kuliongeza magonjwa makali na vifo. Mtoto apimwe kwanza, na malaria ikingwe au itibiwe.

Mtoto wetu ana selimundu. Kuna chakula kinachozuia chembe zisipinde kama mundu?

Pole, na asante kwa kuuliza, maana katika pwani yetu familia nyingi zina swali hili na huulizana pembeni. Selimundu, au sikoseli, ni ya kurithi. Himoglobini imebadilika mahali pamoja tu, asidi ya amino moja ikashika nafasi ya nyingine. Himoglobini hiyo ikikosa oksijeni hujipanga kuwa vijiti vigumu ndani ya chembe. Chembe inakakamaa, na juu ya hapo inanata kwenye kuta za mishipa na kwenye chembe nyeupe. Njia inaziba, na hapo ndipo maumivu makali yanapokuja.

Chakula hakiondoi himoglobini hiyo. Kinachoweza kufanyika kila siku ni maji. Chembe ikikauka, himoglobini husongamana, na vijiti hujipanga upesi zaidi. Kwenye jua la kaskazi mtoto asisubiri kiu: apewe chupa ya maji shuleni, na mwalimu aambiwe amruhusu kwenda msalani kila anapohitaji. Asidi foliki inahitajika, kwa sababu mwili wake unatengeneza chembe mpya bila kupumzika. Jaribio lililofanywa Sudan na kuchapishwa mwaka 2013 lilionyesha kwamba omega-3 ilipunguza mashambulizi ya maumivu. Asidi ya amino ya glutamini, ikiwa unga wa dawa, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa wagonjwa kuanzia miaka 5. Kula nyama zaidi si badala yake. Dawa iliyo mhimili ni haidroksiyurea, ambayo huongeza himoglobini ya kitoto isiyojipanga vijiti na hupunguza kunata. Na kwa kuwa bandama ya watoto hawa huharibika mapema, penisilini na chanjo zisikosekane. Homa kwa mtoto huyu ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Malaria nayo inahusika vipi na kunata kwa chembe?

Kimelea cha falsiparamu kikishaingia kwenye chembe nyekundu huifanya iwe ngumu, kisha huchomoza juu yake protini inayonata kwenye kuta za vimishipa. Hivyo hukwepa bandama. Zikinata kwenye vimishipa vya ubongo, ni malaria ya ubongo. Zikinata kwenye kondo la nyuma, mtoto tumboni hudhoofika. Hakuna chakula kinachozibandua. Chandarua, kipimo, na dawa kamili.

Kwa hiyo chembe ngumu ni mbaya kila mara?

Hapana, na jibu hili lilipatikana katika kaunti yetu ya Kilifi. Mwaka 2020 watafiti wa taasisi ya KEMRI-Wellcome Trust na wenzao walichapisha walichokiona kwenye damu ya watoto wa Kilifi wenye aina ya damu iitwayo Dantu. Utando wa chembe zao umevutika zaidi, na kimelea hushindwa kuupinda ili kiingie. Wanaorithi Dantu kwa baba na mama wana kinga ya asilimia 74 dhidi ya malaria kali. Hilo ni la kurithi, haliletwi na chakula. Lakini linaonyesha kwa nini tusichukulie ulaini kuwa ndiyo afya yenyewe.

Mtoto akihara, kwa nini hupewa zinki?

Seli za utumbo zimepangana kama mbao za jahazi, na kati yao kuna mishikano inayofanya kazi ya kalafati: maji na viini visipite ovyo. Zinki husaidia mishikano hiyo ijengeke upya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa mwaka 2004 ulisema miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa walio chini ya miezi 6, pamoja na maji ya chumvi na sukari ya paketi, yaani ORS. Kuhara kukikoma siku ya tatu, usiache zinki. Wengi huacha hapo. Kunyonyesha kuendelee.

Kwa watu wazima, makapi ya vyakula kama kunde, mbaazi na mtama huchachuka kwenye utumbo mpana yakatoa asidi ya butiri, ambayo ni chakula cha seli za hapo na huimarisha mishikano hiyo hiyo.

Wazee husema sifa, yale mafuta ya ini la papa, ni dawa ya macho. Tunywe?

Sifa ya kupaka chombo isinywewe. Ni kweli ini la papa lina vitamini A nyingi, na vitamini A inahitajika ili seli za jicho, koo na utumbo zibaki na unyevu na mpangilio wake. Ikikosekana zinakauka na kuwa kama ngozi, na mtoto haoni vizuri jioni. Lakini kiasi kilichomo kwenye sifa hakijulikani, vitamini A ikizidi ni sumu kwenye ini, na kwa mjamzito inaweza kumlemaza mtoto. Mapapai, maembe mabivu na viazi vya rangi ya chungwa havina hatari hiyo. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone kliniki kila baada ya miezi sita.

Maziwa yana kalisi, na kadherini inahitaji kalisi. Nikinywa zaidi seli zitashikana zaidi?

Hapana. Kiwango cha kalisi kwenye damu kinalindwa mno. Kikipungua mwili unachukua kwenye mifupa. Kunywa kwa ajili ya mifupa.

Manjano, karafuu, vidonge vya kolajeni?

Manjano na karafuu zina kemikali zilizobadilisha kunata kwa seli kwenye sahani za maabara, kwa vipimo ambavyo pilau haifikii. Kolajeni ya kidonge humeng'enywa kama protini yoyote. Supu ya samaki yenye ndimu ni nafuu zaidi.

Nikibadilisha chakula leo, itachukua muda gani?

Inategemea seli. Za utumbo hubadilishwa ndani ya siku chache, ngozi kiasi cha mwezi au zaidi kidogo, chembe nyekundu miezi minne, kolajeni ya mifupa miaka. Mtu aliyekula vizuri wiki mbili akalalamika haoni tofauti kwenye damu hajaipa damu nafasi.

Kuna kipimo cha hospitali cha ugumu wa seli zangu?

Mashine hizo ni za utafiti. Unachoweza kuomba ni picha kamili ya damu, inayoonyesha wingi na ukubwa wa chembe nyekundu, kipimo cha sukari au HbA1c, na kipimo cha selimundu, hasa kabla ya kuoana au mara tu mtoto anapozaliwa. Nenda na karatasi za vipimo vya nyuma, na umwambie mhudumu kila kidonge na kila dawa ya kienyeji unayotumia.